Jina la Sababu ya Arobaini na Moja

Sababu ya arobaini na moja ilimfikia Mwanaisha Shekalaghe Jumanne asubuhi, tarehe kumi na mbili ya Mfunguo Mosi, akiwa bado anapuliza chai. Haikuja na kishindo. Ilikuja kama arobaini zilizoitangulia: namba, idadi ya nyumba, na kisanduku kitupu kwenye kioo cha kompyuta kikingoja jina.

Nyumba mia tatu na kumi na mbili. Jina: hakuna.

"Haya, karibu," Mwanaisha akakiambia kioo, maana ndivyo alivyozoea kuzipokea, akavuta kiti.

Tangu masoko yafungwe, na huu ulikuwa mwaka wa tatu, hakuna mtu Tanga aliyenunua hata fungu la mchicha kwa mkono wake. Kila kitu kilipitia Kapu. Uliagiza kwa simu, ukabonyeza kidole, na kabla maji hayajachemka kunguru alikuwa ametua uani. Kunguru ndilo jina ambalo watu walivipa vyombo vya kampuni vya kuruka, kwa kuwa vilikuwa vyeusi, vilipiga kelele kuanzia alfajiri, na havikuwa na haya hata chembe. Ugonjwa wa pumzi uliwafungia watu ndani, Kapu ikawalisha, na asiyelipenda hilo alikuwa huru kushinda na njaa.

Nyuma ya Kapu kulikuwa na Mizani. Mashine hiyo haikupima mchele. Ilipima kwa nini mtu kautaka mchele. Kila oda iliyoingia iliimenya taratibu. Kwanza iliondoa marufuku: huyu anaagiza kwa sababu hawezi kutoka. Kisha ikaondoa hofu, iliyowafanya watu mwezi wa kwanza waagize chumvi ya kuwatosha mpaka kiama. Kisha bei, kisha urahisi, kisha imani kwa muuzaji, kisha jirani, maana nyumba moja Makorora ikiagiza jiko la umeme leo, kesho kutwa mtaa mzima unalitaka. Kilichobaki baada ya kumenya kiliitwa masazo. Masazo ya nyumba moja si kitu. Lakini masazo ya nyumba mia yakiwa na umbo moja, hiyo ni sababu mpya, na Mizani iliiona, ikaipima, ikatabiri itaelekea wapi. Ila haikuweza kuipa jina.

Na sheria ilisema wazi. Sababu isiyopewa jina na binadamu haitumiki, na ikishapewa, kila mnunuzi ana haki ya kuliona hilo jina kwenye simu yake, chini ya oda, kwa herufi za kusomeka: Umeagiza hiki kwa sababu ya. Kwa hiyo Kapu, pamoja na mashine zake zote, ililazimika kumweka mtoa majina mmoja katika kila mkoa. Tanga ilimpata Mwanaisha, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi ambaye shule yake ilifungwa siku moja na masoko.

Alikuwa hodari. Sababu ya kumi na nne aliiita kiburi, na Chumbageni nzima ikanuna wiki mbili. Ya thelathini na moja ilikuwa ya watu walioagiza kitunguu kimoja leo, kitunguu kimoja kesho, na kimoja kesho kutwa. Mizani ilishindwa kabisa kuielewa. Mwanaisha aliwaza kidogo akaandika upweke, kwa kuwa watu wale hawakuhitaji kitunguu, walihitaji kitu kitue uani. Zamani jina likimjia hivyo alifurahi mpaka akasimama. Siku hizi hakufurahi wala hakuhuzunika. Tangu mwezi wa Rajabu moyo wake ulikuwa na ganzi, kama mkono uliolaliwa, na hakuwa na haraka ya kuunyoosha.

Akaifungua ya arobaini na moja.

Katika kila nyumba kati ya zile mia tatu na kumi na mbili kulikuwa na mtu mmoja ambaye oda zake hazikuyumba. Watu hai huyumba. Huchoka na dengu, husahau sabuni, hugombana na mkwe wakaacha kula. Hawa hawakuyumba hata siku moja. Mizani ilikuwa imewachorea mstari wa buluu juu ya mstari wa mji mzima, na mstari wa mji ulipoingia Ramadhani ulijikunja kama kawaida: oda za mchana zikafa, oda za magharibi zikapanda, tende, tambi, unga wa uji. Mstari wa buluu ulipita mwezi mtukufu wote ukiwa umenyooka. Watu mia tatu na kumi na wawili, wote kutoka nyumba za wafungaji, kwa siku thelathini mfululizo waliletewa chakula cha mchana saa sita kamili.

Mwanaisha alielewa palepale. Walioagiza walirudia oda za zamani kitu kwa kitu, na wakasahau kuwafungisha saumu wafu wao.

Hakushtuka. Aliteremsha orodha kwa kidole mpaka mia mbili na saba, maana alijua itakuwa humo, na ilikuwa humo. Makorora, nyumba ya Shekalaghe. Mtu: Bi Mwanatumu, miaka sabini na moja. Tambuu, popoo, dawa ya presha, mkate wa kumimina saa sita mchana. Kidole kilichoagiza kilikuwa chake yeye mwenyewe. Ualimu wote ule, na yeye pia alisahau.

Mtu akifa kwa pumzi, Idara ya Mazishi ya Dharura ilikuja na gari, ikamtia kwenye mfuko wa maiti, ikampeleka shimoni na kummwagia chokaa. Hakuna kuoshwa, hakuna sanda, hakuna swala. Idara haikufanya hivyo kwa ukatili, maana ilikuwa kweli kwamba maiti ya pumzi huambukiza kuliko mgonjwa. Ila watu hawakuweza. Wakawaosha wenyewe, wakawazika uani mwao, wakanyamaza. Na kwa kuwa kila jina lililo hai lilikuwa na mgao wake, na jina lililokaa kimya siku kumi na nne liliulizwa, ikabidi marehemu waendelee kuagiziwa. Hivyo ndivyo wafu wa Tanga walivyoendelea kula.

Bi Mwanatumu aliomba mara moja tu, sauti ikiwa imebaki kidogo. "Msinitie chokaa." Mabinti zake wawili wakasema hatutakutia, mama. Zaina, mdogo, alimwosha. Mwanaisha alimimina maji. Kaburi walichimba pamoja, pale uani penye sinia za kuoshea vyombo.

*

Bwana Elirehema Mosha, mkuu wa mauzo wa kanda, aliingia saa nne na karanga mfukoni. Alikuwa mtu wa Moshi, mpole, aliyeamini kwamba mtu mwenye njaa hafikiri, na hakumpita mtu bila kummiminia karanga kiganjani.

"Dada Mwanaisha, umewaona hawa watu?"

"Nimewaona."

"Miaka kumi na mbili niko kwenye biashara, sijaona wateja kama hawa. Hawachoki. Hawarudishi bidhaa. Hawalalamiki!"

"Hawalalamiki," Mwanaisha akakubali.

"Makao makuu wanataka jina kabla ya saa nane. Likipatikana, Mizani inaanza kuwatafuta wengine wanaofanana nao. Tunawatengeneza wengine." Akatafuna. "Andika mazoea, tukale."

"Mazoea ipo tayari. Ni namba mbili."

"Basi uaminifu. Wewe ndiye mwalimu, bwana, mimi nitajua nini?" Akainama kuelekea kioo, akagusa kisanduku kidogo chini ya kile cha jina. Kisanduku hicho kiliuliza kama sababu inagusa afya ya umma. "Hapa weka hapana. Ukiweka ndiyo, orodha yote inaruka Idara ya Mazishi dakika hiyohiyo, na mimi nabaki sina mteja hata mmoja. Umeshapiga simu?"

Utaratibu wa kazi ulitaka nyumba moja ipigiwe kabla ya jina kutolewa, sababu isikike kwa mdomo wa mtu.

"Bado."

"Piga. Halafu mazoea ya pili, mazoea makubwa, vyovyote." Akamwachia karanga juu ya meza, akaenda zake akiimba pambio.

*

Alichagua nyumba ya Mzee Kibwana Mhando wa Ngamiani, si kwa ubaya. Nyumba hiyo, mbali na halua na hina za mke wake zisizokosa Alhamisi, ilikuwa imeagiza malimau, tangawizi, na dawa ya kifua ya watoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Mwanaisha, napiga kutoka Kapu. Nilitaka kuuliza habari ya oda za Bi Mwanahawa."

"Mke wangu. Kafanyaje?"

"Hajafanya kitu, mzee. Kazi yetu ni kuuliza tu kwa nini watu wananunua wanachonunua."

"Ananunua kwa sababu anapenda! Halua anapenda, hina anapenda. Siku hizi kupenda halua kuna sheria?"

"Hakuna. Naweza kusema naye?"

"Yuko msalani," akasema mzee. "Halafu ana swala. Halafu huwa analala."

Mwanaisha alizitazama tena oda kwenye kioo. Kwa sauti ileile aliyotumia darasani kwa mtoto aliyesema daftari limeliwa na mbuzi, akasema, "Ramadhani yote mlimwagizia chakula cha mchana, mzee."

Kwa mbali ilisikika feni.

"Wewe binti wa wapi?"

"Makorora. Wa Shekalaghe."

"Shekalaghe yupi? Wa Bi Mwanatumu mwosha?"

"Huyohuyo. Mama yangu."

"Alaa!" Sauti ya mzee ikalegea kabisa. "Sasa mbona unaniuliza kitu ambacho unakijua? Mama yako alikuja hapa Mfunguo Tisa, kapita nyuma ya nyumba na ndoo yake na majani ya mkunazi, marufuku na yote. Kamwosha mke wangu kama anamwosha mwari. Chai hakunywa, hata maji. Kila nikiomba dua namtaja. Hajambo mama?"

Mwanaisha aliziangalia karanga. Zilikuwa kumi na moja.

"Hajambo," akasema.

"Nisalimie sana. Mwambie Kibwana Mhando hajasahau."

"Zimefika, mzee."

Ndipo mtoto akakohoa, karibu na simu, kikohozi kikavu chenye mluzi mwishoni. Watu wote wa mji walikijua kikohozi hicho. Ugonjwa wa pumzi ulilala mwilini siku tisa au siku tisini, kama ulivyotaka wenyewe, lakini ukishaamka ulikuwa na desturi moja tu. Anayepata sindano tatu za kambi ya wagonjwa ndani ya siku kumi za kikohozi cha kwanza hupona. Anayechelewa, mapafu hukauka.

"Huyo nani, mzee?"

"Mjukuu. Ana miaka sita. Vumbi hilo."

"Siku ya ngapi?"

"Nasema vumbi."

"Mzee wangu. Siku ya ngapi?"

"Ya nne." Akavuta pumzi ndefu. "Mwanangu, usitutaje. Mke wangu yuko hapo uani, nimepanda asumini juu yake. Wakija watamfukua, watamtupa huko na chokaa yao, na mimi niliapa. Mtoto nampa malimau, namkanda kifua, atapona. Wewe ni binti wa mwosha, wewe siri hii umerithi. Usitutaje."

"Nimekusikia, mzee."

"Umenisikia au umekubali?"

"Nimekusikia," Mwanaisha akarudia, na simu ikakatika, hakujua ni nani aliyeikata.

*

Aliiuliza Mizani swali moja. Kati ya nyumba zile, ni ngapi zimeanza kuagiza malimau na dawa ya kifua kwa pamoja katika siku kumi zilizopita? Mizani haikusita. Tisini na nne.

Swali la pili hakuliuliza yeye, mkono wake ndio uliouliza. Mia mbili na saba. Zilitokea oda mbili za siku sita nyuma: malimau kumi na mawili, dawa ya kifua chupa mbili. Kidole cha Zaina. Alikuwa ameelekeza kunguru atue juu ya paa, si uani, ili dada mtu asione.

Mwanaisha akakumbuka kwamba wiki hii Zaina alikuwa akioga muda mrefu, bomba likiwa limefunguliwa mpaka mwisho. Alidhani ni joto. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo alikuwa ameifundisha darasa la tatu miaka kumi na moja, na kila mwaka kulikuwa na mtoto aliyeuliza, mwalimu, kwa nini mtu afiche?

Njia ilikuwepo ya kumwokoa Zaina peke yake. Angeandika mazoea, angebonyeza hapana, angeenda nyumbani kumburura mdogo wake mpaka kituo cha kwanza cha afya. Kituo kingeuliza kaambukizwa na nani, Idara ingekuja, ingemfukua mama, basi. Nyumba mia tatu na kumi na moja zingebaki na siri zao, na asumini zao. Nani alimpa yeye ruhusa ya kufukua uani kwa watu? Walimwamini mama yake wakamfungulia mlango wa nyuma, na sasa binti awape Idara anwani. Hilo lilikuwa na jina, na halikuwa jina zuri.

Upande wa pili kulikuwa na watoto kama yule wa kikohozi cha mluzi, ambao gari hilohilo la Idara lingewafikisha kambini. Siku ya nne leo. Babu yake angeendelea kumkanda mpaka siku ya kumi na moja, kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayohayo angechimba tena.

Aliipima pande zote na hakuhisi kitu, na kutohisi huko kulimtisha kidogo, kwa mbali. Alikuwa akimhurumia mama kama mtu anavyomhurumia mtu wa kwenye taarifa ya habari. Kifo cha wengi harusi, wahenga walisema, ila hawakusema harusi yenyewe huwa haina ngoma.

Akarudi kwenye kazi anayoiweza. Neno.

Hofu: ilikuwepo, namba moja. Udanganyifu: Idara ingelipenda. Mapenzi: lilikuwa kweli, lakini watu walisome kwenye simu wakati gari linakunja kona? Wangeona wanadhihakiwa. Maana hilo ndilo lililomshika: jina lingefika kwao kabla ya gari. Lingekuwa kitu cha kwanza mtu yeyote kuwaambia tangu walipofukia. Tangu lini mtu anafiwa Tanga hii na hakuna anayebisha hodi, hakuna mkeka, hakuna sufuria la jirani? Nyumba mia tatu na kumi na mbili zilikuwa na maiti, na hakuna hata moja iliyokuwa na msiba.

Akaandika: Msiba.

Kwenye kisanduku cha afya akabonyeza ndiyo. Kabla hajaachia orodha, akaitoa nyumba ya mia mbili na saba akaiweka ya kwanza, ili asije mtu akasema baadaye kwamba alianza na wengine. Kisha akaachia. Akakaa akingoja machozi, hayakuja, akainuka akaenda kusuuza kikombe.

Bwana Elirehema alikuja mbio, kioo chake mkononi. Alisoma, akasoma tena.

"Wote hawa?"

"Wote."

"Na hii namba moja, Shekalaghe, ni ndugu zako?"

"Ni kwetu."

Alikiweka kioo chake mezani. Alikuwa na watu wa makao makuu wakimngoja kwenye simu, na mtu angeweza kumsamehe kama angefoka. Badala yake akamshikia mlango. "Nenda nyumbani, dada. Nenda sasa hivi."

*

Zaina alikuwa amesimama uani, simu mkononi, kanga imemteleza begani.

"Umeandika wewe."

"Mimi."

"Dada, mama alituomba kitu gani? Kitu gani? Kimoja tu!" Sauti yake ilipanda mpaka ikapasuka. "Mimi nimemwosha kwa mikono hii! Mimi nimempaka karafuu maiti, wewe umesimama na kata ya maji umegeuka pembeni. Halafu leo unakwenda kumwandika kwenye mashine? Umemuuza mama!"

"Leo siku yako ya sita," Mwanaisha akasema. "Umeagiza malimau kumi na mawili. Kunguru katua juu ya paa."

Zaina alitaka kujibu. Kikohozi kikamtangulia, kikamkunja, na safari hii hakukuwa na bomba la kukifunika. Mwanaisha alimshika mabega mpaka kilipopita. Yalikuwa membamba kuliko alivyoyajua.

"Ningekufa hapahapa karibu naye," Zaina akasema, akijifuta. "Nilishakubali."

"Mimi sikukubali."

"Hukuulizwa."

"Ndiyo. Na mimi sikukuuliza."

Walikuwa wamesimama juu ya mama yao, karibu na sinia, na hakuna aliyesogea. Ndipo sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta.

"Mwanaisha."

Ilikuwa ya Bi Kidawa, jirani, mke wa Mzee Salehe. Kila jioni kwa miezi yote hii Bi Kidawa aliuliza juu ya ukuta huohuo, mama hajambo? na Mwanaisha akajibu hajambo, anapumzika, na Mzee Salehe je? na Bi Kidawa akajibu hajambo, yuko na redio yake. Na redio ilisikika kweli.

"Abee, Bi Kidawa."

"Nimesikia ugomvi wenu. Sikutega sikio, ukuta ndio mwembamba. Mama lini?"

"Rajabu. Tarehe tisa."

Kisha redio ya upande wa pili, iliyokuwa ikizungumza peke yake, ikazimwa.

"Mzee Salehe, Shaabani," Bi Kidawa akasema. "Ya ishirini."

"Mbona simu yako haikulia?" Zaina akauliza, akisahau hasira.

"Ilie kwa nini? Mimi nilimfungisha. Ramadhani nzima sikumwagizia mchana hata tonge, na sikukuu nimemwagizia kikoi kipya. Mashine yenu haijui kitu." Akapenga kamasi. "Basi poleni, wanangu. Poleni sana. Bi Mwanatumu alikuwa mtu."

Neno hilo liliingia mahali. Mwanaisha alilisikia likipita, na lilipofika iliuma, iliuma vibaya, ikabidi aegemee ukuta kwa mikono yote miwili. Tangu Rajabu hakuna kilichokuwa kimemuuma. Alifungua mdomo kusema pole na wewe, kikatoka kilio, kikubwa, cha sauti, kama walivyolia wanawake wa zamani kabla kulia hakujawa ushahidi. Zaina akakidaka. Bi Kidawa akakipokea upande wake. Kikavuka kwa akina Mbelwa, kikavuka njia, na nyumba ambazo Mwanaisha hakuziona kwenye orodha yoyote zikajibu.

Bi Kidawa alitoka kwa mlango wa mbele, mkeka kwapani. Miaka mitatu mlango ule haukuwa umefunguliwa, bawaba zikapiga ukelele. Akatandika mkeka katikati ya njia, mbele ya nyumba ya Shekalaghe, akaketi na miguu kuinyoosha, umbali wa mikono miwili kutoka ulipokaa mkeka uliofuata. Maana mkeka mwingine ulitandikwa, na mwingine. Hakuna aliyepewa mkono. Walipeana pole kwa mbali, kwa majina ya marehemu na miezi yao. Mama Shekue: mume, Mfunguo Nane. Mwalimu Hoza: mapacha wake, siku moja. Waliosema walisema bila kupandisha sauti, na waliosikiliza wakatikisa vichwa, na kila jina likawekwa chini likaachwa hapo.

Gari la Idara lilifika kabla ya alasiri. Lilikunja kona likasimama, kwa kuwa mikeka ilikuwa imejaa njia nzima mpaka kwenye mtaro. Akashuka mtu mmoja aliyejifunika nguo za kinga kuanzia kichwani, kishikwambi mkononi. Akahesabu nyumba kwenye kishikwambi. Njia hii ilikuwa na nne. Akawahesabu watu, akaacha katikati.

"Nyumba namba moja, Shekalaghe," akasoma.

"Ni hapa," Mwanaisha akajibu. "Mama yangu yuko uani. Mdogo wangu ana siku sita za kikohozi, mchukueni kwanza yeye. Na mkitoka hapa nendeni Ngamiani kwa Mzee Kibwana Mhando, kuna mtoto wa miaka sita. Atawatukana. Mchukueni."

Mtu yule akaandika. Sauti yake ilipotoka kwenye kinga ilikuwa ya kijana aliyechoka, na utaratibu wake alikuwa ameukariri.

"Wafiwa wabaki hapa," akatangaza. "Waliokuja kuhani warudi majumbani kwao."

Akangoja.

Akadhani hawakusikia, akarudia kwa sauti ya juu zaidi. Waliokuja kuhani warudi. Kwenye mikeka, kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho wake, hakuna aliyeinuka.